Visu vya kukunja vya mkono: tusome mgongo wa bapa kwanza, makali baadaye

Kinoo Laini:

Wakuu, heshima kwenu. Kila tukizungumzia visu vya mfukoni vya kienyeji tunaishia pale pale: chuma gani, mpini wa nini, nani katengeneza. Umbo la bapa, yaani chuma chenyewe kinachokata, linaguswa juujuu tu. Mimi naliweka la kwanza, na ndani ya umbo naanza na mgongo.

Sababu ni hii. Makali ya kisu cha zamani yameshanolewa na watu watatu wanne kabla hayajakufikia, kila mmoja kwa kinoo chake na mkono wake. Mgongo haunolewi. Ndio uliobaki jinsi fundi alivyouacha, na ndio unaokuambia kisu kilikusudiwa kazi ipi.

Tuanze na ndugu watatu wanaochanganywa kila siku, wote wenye makali yaliyonyooka.

Kwato ya kondoo: mgongo unakwenda sambamba na makali karibu urefu wote, halafu ukifika mbele unainama ghafla kuyafuata. Ncha ni butu. Mabaharia walilipenda umbo hili kwa sababu unaweza kukata kamba chombo kikiyumba bila kumdunga mwenzako wala kutoboa tanga.

Mguu wa mwanakondoo: hili ni umbo la Sheffield hasa, Uingereza. Mgongo nao umenyooka, ila hauendi sambamba na makali. Unateremka taratibu tangu kwenye noleo (kile chuma bapa linapotokea kwenye mpini), bapa linazidi kuwa jembamba kuelekea mbele, na mwisho linamalizwa kwa mshazari mfupi. Hapa ncha unayo, na bado una makali marefu yaliyonyooka.

Wharncliffe: mgongo unaanza kupinda mapema sana, karibu na noleo, kisha unashuka kwa upinde mrefu mmoja mpaka unakutana na makali kwenye ncha nyembamba. Jina ni la Lord Wharncliffe, bwana mkubwa wa Uingereza, na umbo lenyewe linahusishwa na kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ya Sheffield. Kwa kuchonga mti na kutoa kibanzi kwenye kidole sijaona la kulishinda. Ubaya wake ni kwamba ncha hiyo hiyo inavunjika ukiitumia kubandua kifuniko.

Kwa makali yenye tumbo, yaani yaliyopinda, kuna klipu, ambayo mgongo wake umemegwa kipande mbele ili ncha iwe nyembamba. Kuna ncha ya mkuki, pande zote mbili zinakutana katikati. Bapa dogo la pembeni tunaloliona kwenye visu vingi ni ncha ya mkuki iliyopunguzwa, na kazi yake ya asili ilikuwa kuchongea kalamu za unyoya. Halafu kuna spei, lile bapa lenye ncha butu iliyoinuka, ambalo watu hulidharau. Lilitengenezwa kwa ajili ya kuhasi mifugo: unakata ngozi bila kutoboa usichokusudia. Ndiyo maana kisu cha wafugaji cha Marekani chenye bapa tatu kwa kawaida kinabeba klipu, kwato ya kondoo na spei pamoja. Fundi hakuchagua vitatu hivyo kwa urembo.

Karibuni. Anayebisha naye karibu.

Mgeni Mfukoni:

Mkuu asante kwa uzi. Ila mimi bado mguu wa mwanakondoo na Wharncliffe naona kitu kimoja. Kwenye picha zote mbili mgongo unashuka. Nitatofautishaje nikiwa nimeshika kisu?

Kinoo Laini:

@Mgeni Mfukoni simamisha bapa juu ya meza, makali yakiwa chini yamegusa meza, taa iwe nyuma yake. Sasa weka rula juu ya mgongo. Kwenye mguu wa mwanakondoo rula itakaa bila kuacha mwanga tangu kwenye noleo mpaka karibu na mbele kabisa, kisha ndipo utaona ule mshazari. Kwenye Wharncliffe rula itagusa sehemu ndogo ya nyuma na kuanza kuelea. Kwenye kwato rula nayo itakaa, ila ukiilinganisha na meza utaona inakwenda sambamba, haiteremki.

Tahadhari moja: siku hizi kuna watengenezaji wanaouza kila bapa lenye makali yaliyonyooka kwa jina la Wharncliffe, kwa sababu jina linauza. Wewe fuata rula.

Fundi Pini:

Natengeneza hivi visu, kwa hiyo nitaongelea upande ambao picha hazionyeshi.

Kisu cha kukunja cha kienyeji mara nyingi hakina kufuli. Kuna springi moja ya chuma mgongoni mwa mpini, na msuka wa bapa, ile sehemu yake inayoingia kwenye mpini, unaikandamiza ukifungua na ukifunga. Ni hilo tu. Kwa hiyo kazi yote ya fundi iko pale msuka unapokutana na springi, na hapo ndipo utajua kama mkono ulikuwa makini.

Fungua kisu nusu, bapa likiwa limesimama wima kwenye mpini. Kikikwama hapo kwa mlio, msuka umechongwa mraba. Kikiendelea kuteleza, umechongwa mviringo. Yote mawili ni sahihi, ni chaguo la fundi. Kisicho sahihi ni hiki: pitisha ukucha mgongoni mwa mpini, pale springi inapopakana na bati za shaba zilizo ndani ya mpini pande zote mbili. Isizame wala isichomoze kisu kikiwa wazi, kikiwa nusu, na kikiwa kimefungwa. Hali zote tatu. Kulainisha springi ikae sawa kisu kikiwa wazi ni rahisi. Kuifanya ikae sawa katika hali zote tatu ni tupa, kujaribu, kufungua, tupa tena, kujaribu tena, mpaka macho yaume.

Kisha kiinue dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga kati ya springi na bati, pini hazikukazwa vizuri au kisu kimechoka.

Na hili Kinoo kaligusa juujuu: kisu cha bapa tatu. Kitazame kwa juu kikiwa kimefungwa. Bapa tatu zimelala kwenye nafasi nyembamba, na mara nyingi springi ni mbili tu, au hata moja. Zingekuwa zimenyooka kabisa zingesuguana. Fundi hulipinda kila bapa kidogo sana kwenye msuka, kwa nyundo, ili lipite kando ya mwenzake. Mikwaruzo mirefu ubavuni mwa bapa maana yake mtu hakupinda inavyotakiwa, au alipinda kupita kiasi. Kwenye visu vya wachongaji vya bapa tatu mambo yanageuka: bapa kubwa linakaa juu ya springi zote mbili kwa pamoja, na vile vidogo upande wa pili kila kimoja kina springi yake, katikati kuna bati lenye umbo la kabari. Ukikishika hicho unaona kwa nini bapa kubwa lina nguvu ya kufunga kuliko vidogo.

Bapa Moja Tu:

Fundi Pini nakubali yote, ila mmekifanya kisu cha mkono kuwa Sheffield na Marekani peke yake. Nina Higonokami ya Miki, Japani. Haina springi. Ni bapa, mpini wa bati lililokunjwa, na kijimkia kinachotokeza nyuma ambacho unakibana kwa kidole gumba bapa lisifunge. Msuguano ndio unaoshikilia. Bapa lake mara nyingi limeungwa kwa tabaka, chuma kigumu katikati na laini pembeni, na mgongo wake unakwenda moja kwa moja kisha unashuka kwa mshazari, karibu na ile kwato ya kondoo ya Kinoo, ila ncha imechongoka.

Sasa kwa vipimo vya Fundi Pini hiki kisu kitafeli kila kitu. Na bado ni kisu cha kienyeji kuliko vingi vyenye mapambo.

Fundi Pini:

@Bapa Moja Tu hakifeli, kinapimwa kivingine. Kisu cha msuguano kipime kwa kukifungua polepole: uzito uwe ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Kikilegea katikati, pini imeliwa upande mmoja. Raha yake ni kwamba ukigonga pini hiyo kwa nyundo ndogo, kisu kinakaza tena. Kisu cha springi huwezi kukifufua kirahisi hivyo.

Mkunjo:

Na Opinel je? Joseph Opinel alianza 1890 huko Savoie, Ufaransa, na 1897 visu vikapewa namba kwa ukubwa. Ile pete ya kuzungusha inayofunga bapa ilikuja 1955. Kabla ya hapo nayo ilikuwa kisu cha msuguano tu. Najua ni kazi ya kiwanda, lakini umbo ni la wakulima wa milimani, na mpini wa mti wa beech wa Ulaya unavimba ukilowa mpaka kisu kinagoma kufunguka. Ukiweza kuishi na hilo, ni bapa jembamba linalokata kuliko visu vya gharama mara nyingi zaidi.

Laguiole ndiyo inayonisumbua. Watu wanauziwa jina. Laguiole ni kijiji cha Aveyron, lakini visu vingi vyenye jina hilo vimetengenezwa Thiers, mji mwingine wa Ufaransa, kwa miaka mingi, na vingine vimetoka mbali kabisa na Ufaransa. Yule nyuki wa chuma anayepamba springi mgongoni mwa visu hivyo hathibitishi kitu.

Kinoo Laini:

Nakazia la nyuki. Tazama namna nyuki alivyounganishwa. Kwenye kazi nzuri mara nyingi nyuki na springi ni kipande kimoja cha chuma, kimechongwa kwa tupa, na mistari ya tupa haifanani kabisa kutoka kisu hadi kisu. Kwenye kazi ya haraka nyuki kabandikwa. Pale anapokutana na springi unaona mstari wa kiungo, na uchafu umejaa ndani yake.

Kuhusu Opinel, sina ugomvi na kiwanda. Hata Sheffield kisu kimoja kilipita mikono mingi: anayefua, anayesaga, anayeunganisha. Wale mafundi wa vyumba vidogo waliofanya karibu kila kitu peke yao, Stan Shaw aliyefariki 2021 akiwa anajulikana sana kati yao, ndio wachache. Ninachouliza mimi ni kama kuna mtu aliyeamua, kwa jicho lake, bapa hili liishie wapi.

Niongeze na Sardinia, kisiwa cha Italia, maana imesahaulika. Kisu cha Pattada kina bapa la jani la mhadasi, refu, linanenepa katikati na kuchongoka mbele, na mpini wa pembe ya kondoo dume. Ukiweka makali yake karibu na klipu ya Marekani unaona namna mbili za kupata ncha nyembamba. Mmarekani anamega mgongo. Msardinia anazipunguza pande zote mbili pole pole, hajamega popote.

Muhuri wa Msuka:

Wakuu mnaongelea umbo, sawa, lakini mtu anayekusanya lazima ajue umri. Vidokezo vichache ambavyo huwa navipitia kabla sijatoa pesa.

Sheria ya ushuru ya McKinley ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. Kwa hiyo kisu cha Sheffield kilichoandikwa England kwenye msuka kina uwezekano mkubwa kuwa cha baada ya hapo. Kinyume chake msikitumie ovyo: kisichoandikwa nchi si lazima kiwe cha kabla, kwa kuwa vilivyouzwa nyumbani havikulazimika kuandikwa.

Pili, chuma kisichoshika kutu. Harry Brearley alikipata Sheffield mwaka 1913. Mtu akikuletea kisu cha "babu wa babu, 1890" na bapa limeandikwa kuwa halishiki kutu, mrudishie kisu chake.

Tatu, kwa wanaokusanya visu vya Case, kampuni ya Marekani, wenyewe wamewarahisishia. Kuanzia 1970 waliweka nukta kumi chini ya jina, kila mwaka wakaondoa moja, hadi 1979 ikabaki moja. Na namba kwenye msuka inasomeka: kwenye 6318 ile 6 ya mwanzo ni mpini wa mfupa, 3 ni idadi ya bapa, 18 ni umbo la kisu. Kwa hiyo ukikuta 6318 ina bapa mbili, huna haja ya kuuliza tena.

Mgeni Mfukoni:

@Muhuri wa Msuka hiyo ya bapa mbili nimeicheka lakini nimeiandika. Swali kwa Kinoo: ulisema makali yanadanganya. Je, nitajuaje bapa limenolewa mpaka umbo limebadilika? Kuna mtu kaniwekea picha ya kisu anakiita ncha ya mkuki, lakini ncha iko juu sana.

Kinoo Laini:

Swali zuri kuliko uzi wenyewe.

Sogea pale makali yanapoanzia, karibu na msuka. Kuna kipande kifupi cha chuma ambacho kinoo hakikifikii. Kipande hicho kimebaki na upana wa siku bapa lilipotoka kwa fundi. Ukiona makali yamerudi nyuma na kuacha ngazi kati ya kipande hicho na bapa lililobaki, umeona kiasi kilicholiwa. Ngazi ya unene wa ukucha ni kawaida kwa kisu kilichofanya kazi. Ngazi unayoweza kuishika kwa kidole, hicho kisu kimekwisha.

Pili, funga kisu. Ncha ya mkuki iko katikati ya bapa. Ukinoa miaka mingi, makali yanapanda na ncha inapanda kuelekea mgongoni. Kisu kikifungwa mgongo ndio uko nje, kwa hiyo ncha iliyopanda inaanza kuchungulia juu ya bati na kukushika mfukoni. Ncha yako iko juu sana kwa sababu hiyo hiyo, uwezekano ni mkubwa.

Kuna ujanja wa kuficha hili. Chini ya msuka kuna kijino kidogo kinachozuia bapa lisizame mno. Muuzaji anakipunguza kwa tupa, bapa linazama, ncha inajificha. Matokeo yake makali yanagonga springi kila ukifunga kwa kishindo. Angalia makali katikati ya bapa: alama ndogo ya kubonyea mahali pamoja, basi umeshajua.

Sanduku la Mbao:

Naongeza jambo la uhifadhi maana limeniuma. Visu vyenye mpini wa seluloidi, ile plastiki ya zamani yenye rangi za kumeremeta, msivifungie pamoja na vingine. Ikianza kuoza inatoa mvuke wa asidi. Kimoja changu kilikuwa kimelala katikati ya droo. Mpini wake ulianza kupasuka vijitundu na kunuka vikali, na visu vilivyokuwa jirani pande zote mbili vikashika kutu ya kijani kwenye bati na madoa meusi kwenye bapa, upande uliokielekea tu. Vya mwisho wa droo vilikuwa safi.

Pia ala za ngozi ni za kubebea, si za kuhifadhia. Ngozi inashika unyevu na ina mabaki ya dawa za kulainishia. Mafuta kidogo ya madini kwenye kiungo na bapa, kisha kitambaa, inatosha.

Kwa mipini: mfupa unapasuka ukikaushwa haraka, msiviweke dirishani. Mpingo haujipindi ukikauka vizuri, ni mzito mpaka unazama majini, na kwa mpini mwembamba sijaona mti wa kuushinda. Ujue tu kwamba tangu 2017 jamii nzima ya miti hiyo iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kusafirisha kuna masharti. Pembe za ndovu ndiyo kabisa: biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na kisu cha zamani chenye mpini huo kinaweza kuzuiwa mpakani hata kama ni halali ulikokinunua.

Mkunjo:

Sanduku umenikumbusha ugomvi wa milele. Bapa la chuma cha kaboni likiwa limebadilika rangi kuwa kijivu na bluu, unasafisha au unaacha?

Sanduku la Mbao:

Naacha. Ule utando wa kijivu unasaidia kuzuia kutu nyekundu isishike. Nyekundu naiondoa kwa mafuta na sufi laini ya shaba, basi. Anayepitisha msasa kwenye bapa la miaka themanini kwa ajili ya kung'aa anafuta na muhuri, na mistari ya jiwe la fundi inapotea pamoja nao.

Fundi Pini:

Mimi kidogo nabisha. Kisu cha kutumia kisafishe utakavyo, ni chako. Lakini ukikisafisha, usiseme kwenye tangazo kwamba ni "hali ya awali". Hapo ndipo tunapogombana.

Bapa Moja Tu:

Kabla uzi haujapoa, kuna mtu ataje sheria. Uingereza kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, unaruhusiwa kukibeba bila kutoa sababu. Chenye kufuli hapana. Kila nchi ina yake, na anayetembea na mkusanyiko wake asome kabla hajapanda ndege.

Mgeni Mfukoni:

Nimeelewa mengi. Swali la mwisho: cha kwanza ninunue kipi? Nina hamu na bapa tatu.

Kinoo Laini:

Acha bapa tatu kwa sasa. Nunua kisu cha bapa moja, springi moja, noleo upande mmoja, mpini wa mfupa au mti. Ukipata mguu wa mwanakondoo chukua, kwa sababu makali yaliyonyooka yatakufundisha kunoa: kinoo kinagusa urefu wote, na ukikosea pembe unaiona papo hapo. Klipu yenye tumbo inaficha makosa ya mkono mpaka siku unashangaa kwa nini haikati karibu na ncha.

Muuzaji akiwa mbali, muombe picha nne: bapa wazi upande wenye mfuo wa ukucha (ule mchoro wa kufungulia kwa kucha), kisu kilichofungwa kikitazamwa kwa juu, mgongo wa springi bapa likiwa nusu, na muhuri wa msuka kwa karibu. Hiyo ya nusu ndiyo wanayoikwepa. Akikutumia tatu na kukuambia ya nne simu imeisha chaji, subiri simu yake ijae ndipo utume pesa.